Tisheti zimekauka ila hazijaiva, na kaka anasema ninyamaze

Shangazi, salamu kutoka Busia, upande wetu huu wa Uganda. Majibu yako nilianza kuyasoma kwa simu ya kaka kabla sijanunua yangu, sasa leo zamu imenifikia mimi na ninaomba tu jina usilitoe.

Nina miaka 29, nina mtoto mmoja wa miaka minne, na nina kaduka ka kuprinti tisheti. Ni chumba kimoja kinachotazama barabara, katikati kuna pazia, na nyuma ya pazia ndo tunalala. Vifaa ni fremu saba za mbao zenye wavu, ndo skrini zenyewe, skwiji mbili za kusukumia rangi, hiti presi moja ya mtumba ya kuivishia rangi kwa moto, na meza ambayo fundi alinitengenezea kwa mkopo. Mwaka wa tatu huu natumia rangi ya maji tu. Nimeipenda kwa sababu skrini naosha kwa maji ya kawaida, haina kemikali, hainukii mtoto usiku, na tisheti ikitoka inakuwa laini, ukipitisha kiganja juu ya maandishi ni kama hakuna kitu. Wateja wangu ni kwaya, vikundi vya akina mama vya kuweka akiba, watu wa msiba wanaotaka jina la marehemu mgongoni, kazi ndogo ndogo ishirini thelathini hivi, na maisha yanaenda.

Mtaji ulitoka kwa kaka yangu. Baba alifariki nikiwa S.2, mwaka wa pili wa sekondari, kaka akaacha shule akaanza kubeba mizigo hapa mpakani ili mimi nifike S.4. Baadaye alipata pikipiki yake, na nilipomwambia nataka kufungua duka akaiuza ndo tukanunua ile hiti presi. Mpaka leo anaendesha boda ya mtu, jioni anapeleka hesabu. Kazi tumegawana hivi, yeye anatafuta wateja na kupeleka mzigo, mimi naprinti.

Sasa muhula huu alipata kazi kubwa kuliko zote, shule moja ya msingi hapa karibu ilitaka tisheti 160 za siku ya michezo, 80 za njano na 80 za bluu ya mbingu, maandishi yote bluu nzito, elfu 15 kila moja. Nusu walitoa mbele. Tukaanza na njano. Alhamisi jioni nilikuwa nimeshaivisha njano zote na bluu kama ishirini hivi, umeme ukakatika. Bluu zilizobaki nilizimalizia kuprinti kwa tochi kwa sababu skwiji haihitaji umeme, nikasema presi nitapiga ukirudi. Ijumaa yote haukurudi. Nikaanika uani kwenye kamba, jua lilikuwa kali, jioni ukigusa kwa mkono zimekauka kabisa. Kaka akasema si unaona, zimekauka, funga mzigo. Nikamwambia zimekauka ila hazijaiva, rangi ya maji lazima ipate moto wa digrii 160 kwa dakika mbili tatu, isipoiva itaondoka na maji ya kufulia. Akasema mwalimu mkuu ameshapiga simu mara tatu na tusipopeleka kesho asubuhi salio tusahau.

Usiku ule tulizikunja kwa taa ya simu mpaka saa sita. Asubuhi akazipakia akazipeleka, salio akalipwa palepale. Boda iliondoka saa mbili, Shangazi, umeme ukarudi saa tano. Nilisikia friji ya jirani ikianza kunguruma nikakaa chini.

Siku kumi baadaye akaja mama mmoja jirani ambaye mtoto wake yuko P.4, darasa la nne. Alikuwa ameshika tisheti ya bluu bado imelowa maji. Anasema mtoto aliivaa Jumapili kwa furaha tu, yeye mama akaifua, maji ya beseni yakageuka kama wino wa kalamu, na maandishi yamebaki kama moshi. Hakuja kwa hasira. Aliniuliza kama ameiharibu yeye, kama labda sabuni aliyotumia ni kali. Nikamwambia niachie niangalie. Basi. Sikumwambia kitu kingine.

Kaka anasema ninyamaze. Anasema mwalimu mkuu hajalalamika, siku ya michezo ni wiki mbili zijazo, tisheti nyingine bado ziko stoo ya shule na watoto waliopewa wengi mama zao wamezificha kwenye sanduku zisichafuke kabla ya siku yenyewe. Mtu akiuliza niseme ni sabuni. Na pesa hazipo, nyingi zilikwenda kwenye deni la matibabu ya mama. Tena anasema kosa lote ni la rangi yangu ya maji, tungekuwa na plastisoli, ile rangi isiyo ya maji, hii aibu isingetokea, na kwamba wakati wa kampeni tulipoteza kazi za tisheti nyeusi na nyekundu kwa sababu ya ubishi wangu.

Nikisema ukweli namwaibisha kaka aliyeuza pikipiki yake kwa ajili yangu. Nikinyamaza, watoto wale wanapita mbele ya duka kila asubuhi wananipungia mkono. Nimuasi kaka? Niache rangi ya maji? Sijui nianzie wapi.

Wako, Mprintaji wa Busia

*

Mwanangu wa Busia,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia, halafu nikaichukua mpaka Nasser Road hapa Kampala kwa kijana mmoja anayeprinti tisheti, nikakaa kwenye stuli yake mchana mzima namsumbua na maswali, maana nusu ya barua yako ni mambo ya moyo na nusu ni mambo ya moto, na sikutaka kukujibu moja nikaacha lingine.

Nikikusikia vizuri, unasema umebanwa kati ya watu wawili unaowadai heshima, kaka aliyekubeba na wateja waliokuamini, na milango umeona miwili tu, kumuasi kaka au kuwadanganya watoto. Naelewa kwa nini usingizi haupatikani. Ila kabla ya milango, tuhesabu kwanza, kwa sababu hofu ina tabia ya kuhesabu vibaya.

Wewe umeandika kama vile umeharibu tisheti 160. Soma ulichoandika mwenyewe. Njano zote 80 ziliiva. Bluu ishirini ziliiva. Zilizotoka mbichi ni bluu kama 60, na moja kati yake ndo hiyo ya jirani. Na katika hizo 60 zipo zilizoko stoo na zilizoko kwenye masanduku ya akina mama, hazijagusa maji. Nilipofika hapo kwenye barua, yule kijana wa Nasser Road aliacha skwiji akanigeukia akasema mama, tisheti ambayo haijafuliwa bado inaivishika. Nikamwambia rudia. Akarudia. Rangi ya maji iliyokauka bila moto haijafa, iko pale juu ya kitambaa inasubiri, hata wiki zikipita, ukiipeleka kwenye presi ile digrii 160 dakika mbili tatu itashika kama ingeshika siku ile. Sharti ni moja, iwe kabla ya maji. Ikishafuliwa basi, iliyoondoka imeondoka.

Kwa hiyo kitu kinachokwenda mbio hapa ni beseni, na kila Jumamosi kuna mama mmoja zaidi anafua. Sikuandikii hivi nikutishe, nataka ujue tu kwamba hilo swali lako lina saa ndani yake.

Alinionyesha pia kwa mikono. Anateremsha presi karibu na kitambaa bila kubana, anaacha sekunde kadhaa mvuke utoke, ndo anabana na karatasi ya kuokea juu yake rangi isinate kwenye presi. Anasema unyevu ukiwemo ndani moto wote unaishia kukausha maji, rangi yenyewe haifikii joto lake. Tisheti 60 kwa dakika tatu tatu ni saa tatu za kazi, na presi ya wati 1800 itakula unit tano au sita za yaka, umeme wa kulipia kabla. Umeme ukigoma tena na mtu mwenye jenereta hayupo, basi mahali penye umeme hata pasi ya nyumbani inaweza, moto wa pamba, bila mvuke, karatasi katikati, dakika nne tano kila moja ukiihamisha polepole, ni kazi ya mgongo lakini inawezekana. Pasi ya mkaa hapana, joto lake halina kipimo na majivu yataangukia nguo ya mtu. Na chochote utakachotumia, anza na moja, ifue, halafu sugua maandishi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikibaki cheupe, endelea.

Sasa kuhusu kaka, na hapa naomba unisikilize kwa upole kama ninavyokuandikia kwa upole. Umeandika "akazipeleka" na umeandika "akalipwa". Lakini mstari mmoja kabla umeandika "tulizikunja". Wewe ndiye uliyekuwa unajua tofauti ya kukauka na kuiva, umemweleza vizuri kabisa, halafu ukakaa naye chini mkakunja mpaka saa sita za usiku. Sikulaumu hata kidogo. Deni la mama lilikuwa linangoja, mwalimu mkuu anapiga simu, na huyo ni mtu aliyebeba magunia ili wewe uende shule, ni nani angesimama mlangoni akamzuia? Nakuonyesha neno hilo kwa sababu nadhani litakusaidia unapoongea naye. Ukienda na "wewe ulizipeleka", atajitetea, na akijitetea atataja pikipiki, na ikishatajwa pikipiki wewe huna tena mdomo. Ukienda na "tulizikunja wote, na mimi nilijua, nimeshindwa kulala", hapo hakuna anayemwaibisha mwenzake.

Halafu nina swali, una uhakika kinachomuuma ni aibu? Mimi simjui kaka yako, wewe unamjua. Lakini mtu aliyeuza pikipiki yake, anaendesha ya mwenzake, na jioni anapeleka hesabu, huenda hofu yake ni kwamba duka likianguka atakuwa ameuza maisha yake bure. Akikuambia nyamaza, labda anasema ninaogopa. Jibu la mtu anayeogopa ni tofauti na jibu la mtu mwongo. Labda hizo saa tatu na unit sita ndo habari anayoihitaji kusikia kwanza, kabla hujamtajia ukweli wala uongo, kwa sababu inawezekana kabisa kichwani mwake kusema ukweli maana yake ni kurudisha milioni mbili na laki nne ambazo hazipo.

Njia ziko zaidi ya mbili ulizoziona, na hakuna hata moja ambayo ni bure.

Mnaweza kwenda wote wawili kwa mwalimu mkuu, mkamwambia bluu kadhaa zilitoka kabla hazijapata moto wa kutosha, tunaomba zote za bluu zirudi siku moja tuzipige presi, na zile zilizokwisha kufuliwa tutaprinti upya. Zote 80 zirudi, maana ishirini zilizoiva huwezi kuzitofautisha kwa macho, na kuzipiga tena hakutaziumiza. Hatari yake naiona. Anaweza kukasirika, anaweza kudai pesa ya zile 60, hiyo ni laki tisa, anaweza kuwaambia walimu wakuu wenzake. Mwingine naye atashukuru kwamba mmekuja kabla ya siku ya michezo, si baada. Yeye unamjua kuliko mimi.

Unaweza kwenda peke yako bila kumwambia kaka. Tisheti zitapona, hilo naliona. Nyumbani sijui. Kaka mkubwa kusikia kutoka kwa mwalimu mkuu jambo ambalo mdogo wake hakumwambia, kwetu huku kidonda hicho hakifungi haraka, na mnaishi kwa mikono minne, miwili ikitafuta na miwili ikiprinti.

Kuna njia ya katikati ambayo najua imeshakupitia kichwani hata kama hukuiandika, kuomba zile za stoo kwa kisingizio, eti tunataka kuzinyoosha pasi kabla ya sherehe, mkaziivisha kimyakimya. Zile zitapona kweli. Lakini zilizoko majumbani zitabaki mbichi, na siku watu wakiunganisha mambo, kisingizio kitakuwa kizito kuliko kosa lenyewe.

Na kunyamaza kupo pia, watu wengi huishi nako. Ila fikiria usiku wa kuamkia siku ya michezo, akina mama wangapi watasuuza ile tisheti ipendeze. Na uwanjani kuna jasho, na mvua ya huko kwenu haiombi ruhusa.

Kama kumkabili kaka ana kwa ana ni vigumu, huenda yupo mjomba au mtu mzima anayemsikiliza. Mama yenu ningemfikiria mara mbili. Akijua kwamba matibabu yake ndo yaliyowaharakisha, atalibeba hilo, na bado anapona.

Nije kwenye rangi, kwa sababu nadhani ugomvi wa rangi umebebeshwa mzigo usio wake. Plastisoli ni chembe za plastiki, PVC, kwenye mafuta yanayoilainisha, haina maji ndani. Haikauki kwa jua kabisa. Nayo inataka moto, joto lake halipishani sana na la rangi yako. Ijumaa ile bila umeme, tisheti za plastisoli zingekuwa bado zinanata kwenye kamba mpaka jioni, msingeweza hata kuzikunja. Kilichowakosesha ni umeme na simu tatu za mwalimu mkuu, na siku ya kupeleka ambayo haikuachiwa hata siku moja ya dharura.

Ila kaka yako si mjinga, na ningependa umpe haki yake. Juu ya nyeusi na nyekundu rangi ya maji ya kawaida inazama, kila mtu wa kazi hiyo anajua, na plastisoli inakaa juu inang'aa. Haikauki kwenye skrini, unaweza kuiacha ukanywa chai, wakati ya kwako ukigeuka kidogo imeziba matundu na unaanza kupuliza maji. Kwa kazi ya tisheti 500 za kampeni kwa siku tatu, ana hoja. Na wewe ukiniambia rangi yako haina kemikali, nakuomba uangalie tena kopo la ile dawa ya kutengenezea skrini. Baadhi bado zinachanganywa na daikromati, ule unga wa rangi ya chungwa, na huo ni sumu, unachoma ngozi na kuuvuta kwa miaka kunaleta saratani. Glavu, na usiuchanganyie upande wa pazia la mtoto. Siku ukishawishika kununua ile rangi ya maji inayofuta weusi wa nguo ili maandishi yaonekane, jua kwamba ikipata moto inatoa mvuke wa sumu wa fomaldehaidi, hiyo inataka mahali pa wazi penye upepo. Vilevile plastisoli skrini zake hazioshwi kwa maji, watu wanatumia thina na petroli, na wewe unalala mita mbili kutoka hapo. Kwa hiyo swali la rangi mliongee, lakini mliongee siku nyingine, na mlianzie kwenye chumba mlichonacho na yule anayelala nyuma ya pazia. Ipo hata dawa ya kuongeza kwenye rangi ya maji ili ishike bila moto mkubwa, unaiacha siku kadhaa kabla ya kufua, tatizo wino ukishachanganywa haukai, unaganda. Kwa watu wanaokatikiwa umeme ni jambo la kujaribu kwenye tisheti tano sita zako mwenyewe.

Nimebakiza yule mama jirani. Nikiri kwamba yeye ndiye aliyenikalia moyoni kuliko wote. Alikuja na nguo iliyolowa mkononi akauliza kama ni kosa lake, na mpaka leo ninavyoandika bado anadhani ni sabuni yake. Huyo ni mmoja, yuko hapo mlangoni, na sijui kama kwake unahitaji kusubiri mkutano wa familia, hilo wewe ndiye wa kulipima. Ila kama una tisheti moja ya bluu iliyobaki dukani, iprinti leo umeme ukiwepo, ipige presi ule muda wake kamili, uifue wewe mwenyewe kwenye beseni lako mara mbili uone maji.

Siku ya michezo ikipita niandikie hata mistari miwili. Uniambie huyo mtoto wa P.4 alivaa nini.

Shangazi